Fungu la Kumi la Pointi

Diedrich Sawatzky wa Gnadenruh alitoa fungu la kumi hata la bata mzinga. Duka la ushirika lilimzawadia bata huyo aliyegandishwa kwa uanachama wake wa tangu ujana, naye alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua buti, akampandisha kwenye mizani, akapiga hesabu, akachukua msumeno. Paja moja na ncha ya bawa vikafungwa kwenye gazeti, vikapelekwa jikoni mwa kanisa. Kina mama waliokuwa zamu hawakujua wacheke au waseme ahsante. Krismasi ile Aganetha, mkewe, ambaye sote tunamwita Neta, aliweka mezani bata wa mguu mmoja, na kila mgeni aliyeuliza alijibiwa kwamba mguu wa pili umeokoka.

Huku kwetu kusini mwa Manitoba wengi hutoa fungu la kumi. Hilo si ajabu. Ajabu ya Diedrich ni kwamba hakujua pa kuishia. Boga la kumi la bustanini lilikuwa la Bwana, na likiwa dogo kuliko wenzake alilirudisha akachukua kubwa. Siku alipokuta dola ishirini kwenye mfuko wa koti alilonunua duka la mitumba la kanisa, alizirudisha. Mwenyewe hakupatikana, wakamlazimisha azichukue, naye akakata dola mbili pale pale kwenye kaunta. Lakini msidhani alikuwa mtu mkavu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za kuvunia, mikono imejaa grisi, mdomo unapiga mluzi wa nyimbo za kanisani tangu asubuhi, na mara nyingi nyimbo mbili kwa pamoja, ubeti wa huu na kiitikio cha ule. Neta alizoea kumpima mumewe kwa mluzi kama wengine wanavyopima homa.

Neta naye alikuwa na dini yake ya pembeni, nayo ilikuwa pointi.

Kadi ya mkopo iliingia nyumba ile kwa vita. Diedrich aliishika kwa pembe kama panya aliyekufa. "Kadi ya mkopo," alisema. "Inajitangaza yenyewe. Baba yangu alinunua trekta kwa mkopo, akazeeka siku ile ile."

"Dawa ya deni ni kulipa," Neta akamjibu. "Tutalipa siku hiyo hiyo. Hao benki hawataonja hata senti ya riba, na pointi za kununulia tiketi za ndege watatupa."

Ikawa hivyo. Neta akigusisha kadi dukani kununua unga, unga haujashushwa kwenye gari, Diedrich keshalipa benki. Kisha Neta akagundua kwamba kadi haiulizi hela ni za nani. Akaanza kusimama karibu na kaunta ya duka la ushirika kama mtu anayemngoja mwenzake.

"Isbrand, tairi hizo nne zote zako?" alimwuliza jirani yake siku moja. "Nipe hela yako, nikulipie kwa kadi."

"Na mimi napata nini?"

"Unapata tairi. Si ndizo ulizofuata?"

Watu wa kwetu tunapenda sana kumsaidia jirani, hasa msaada ukiwa hautugharimu kitu, kwa hiyo hela zikawa zinapita mikononi mwake. Alilipia mbolea za watu, vitambaa vya mablanketi wanayoshona kina mama wa kanisa, chakula cha matanga. Kanisa liliponunua jiko jipya la gesi, Neta alitoa kadi na mweka hazina akamwandikia hundi palepale. Alipenda kusema kwamba jiko lile peke yake lilimfikisha nusu ya bahari. Haba na haba hujaza kibaba.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Susch, mdogo wake. Susch aliolewa na kijana aliyekuja Manitoba kufanya kazi ya mavuno, akamfuata kwao Paraguay, kwenye nyika ya Chaco, ambako watu wa kanisa letu wana mashamba na jua linaloweza kupika yai. Mara ya mwisho dada hawa walionana kwenye mazishi ya mama yao, na tangu hapo miaka ishirini imepita na zaidi. Sasa wote wawili walikuwa wamevuka sabini, na Susch alikuwa mjane. Walipigiana simu kila Jumapili, lakini simu haina mikono. Mara moja Neta alimtumia nauli ya kuja. Susch akairudisha na ujumbe mfupi: "Dada, sijawa ombaomba." Basi ilibaki njia moja tu, Neta na Diedrich waende wao.

Siku pointi zilipotimia ilikuwa Jumapili ya mavuno, na Isbrand Loewen na mkewe Tina walikuwa wamekuja kwa faspa, kile chakula chetu cha alasiri cha mikate midogo, jibini, jemu na matango ya siki.

"Zimefika," Neta alisema huku akimimina kahawa. "Laki tatu na ushei. Watu wawili, kwenda na kurudi. Mwezi wa kwanza tuko kwa Susch."

Tina alimkumbatia hadi birika likayumba. Isbrand, ambaye ulimi wake haujawahi kuwa na mfupa, akameza tango lake akasema, "Na fungu la kumi la hizo pointi umeshatoa, Diedrich? Maana naona mle ndani kuna tairi zangu."

Wote wakacheka. Diedrich naye akacheka, kisha kicheko chake kikakatika katikati, akaurudisha mkate kwenye sahani. Neta alimwona. Mzaha mzaha hutumbua usaha, naye alijua palepale kwamba Isbrand ametumbua.

Kesho yake Diedrich aliwapigia simu watu wa kadi. Alisikiliza muziki wao mpaka akaanza kuupatia kiitikio, ndipo akajibiwa na binti mwenye sauti ya upole.

"Nataka kutoa fungu la kumi," akamwambia.

"Samahani baba, fungu la nini?"

"La pointi. Moja ya kumi. Napeleka wapi?"

Binti akasema watu humwulizia mashine za kuoka mkate, masanduku ya safari na fimbo za gofu, lakini hili ni jipya, ngoja atazame. Akarudi amechangamka. Kumbe njia ipo, na yapo mashirika ya hisani yanayopokea pointi. Mojawapo huwanunulia tiketi wazazi wa kaskazini ya mbali, ambako barabara za barafu zikiyeyuka hakuna njia ila ndege, ili wakakae na watoto wao waliolazwa hospitalini mjini.

"Lakini baba, ukishatoa hazirudi," binti akamwonya.

"Zikirudi litakuwa si fungu la kumi," Diedrich akasema, akamshukuru, akamwombea mchana mwema, akamshukuru tena.

Alipogeuka, Neta alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Thubutu," alisema.

"Neta, ni mapato."

"Ni punguzo. Umenunua unga, wamekupunguzia. Umesikia wapi mtu anatoa fungu la kumi la punguzo?"

"Punguzo halimvushi mtu bahari. Kitu cha kukuvusha bahari ni mali, na mali ikiingia ni mapato."

"Kadi ina jina lako, mzee, lakini aliyesimama dukani miaka yote hiyo akiombaomba tairi za watu ni mimi. Ukikata moja ya kumi, tiketi ya pili haitoshi. Utaning'inia kwenye bawa?"

Diedrich alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji Reimer, kijana aliyesoma na mwenye subira, alimsikiliza mpaka mwisho, akajitahidi sana asitabasamu. "Mzee Diedrich," alimwambia, "Mungu hakudai pointi. Nendeni Paraguay mkamwone Susch, na mniletee picha."

Diedrich akarudi nyumbani. "Nunua tiketi," akamwambia mkewe. "Mchungaji amesema. Nami nimekubali." Akavaa kofia yake akaenda gereji.

Alikubali kweli, kwa mdomo. Ila mluzi ulikoma. Asubuhi hakuna, mchana hakuna, hata akiwa chini ya trekta la Isbrand, mahali ambapo huwa anapiga kwa nguvu zaidi kwa sababu ya mwangwi. Hakununa, hakulalamika. Alikuwa mpole kuliko kawaida, akamsaidia hata kukausha vyombo, na upole huo ndio uliomchosha Neta. Mtu akinuna unaweza kumnunia. Huyu alikausha sahani.

Neta alikasirika, na nasema waziwazi kwamba hasira yake ilikuwa ya haki, maana wapo kijijini waliomlaumu baadaye eti alichelewa kutoa. Hao hawajawahi kukaa miaka ishirini na ushei mbali na ndugu yao wa damu. Kila siku alisema leo nanunua, na kila siku alikumbuka kitu jikoni. Mwishowe akaketi mezani na kompyuta, akafungua ukurasa wa tiketi, akachagua tarehe, akachagua viti viwili karibu na choo kwa ajili ya Diedrich. Kilichobaki ni kubonyeza.

Nje Diedrich alikuwa akipasua kuni, shoka na kimya, shoka na kimya. Neta akajiona ndani ya ndege, usiku na mchana, pembeni yake mwanamume asiyepiga mluzi. Akajiona anashuka Chaco, anamkumbatia Susch, na Susch anamwuliza, shemeji ana nini? Hilo lilimuudhi. Kisha likaja jambo jingine ambalo hakuliita. Alimfikiria mama mmoja huko kaskazini, hamjui jina, mtoto wake amelala kitanda cha hospitali upande wa pili wa mahali pasipo na barabara. Neta alikijua kitu hicho. Alikijua kila Jumapili, alipokata simu akabaki ameishika.

"Isbrand, Mungu akusamehe wewe na tairi zako," alisema peke yake jikoni. Akafunga ukurasa wa tiketi, akafungua ule wa mashirika ya hisani, akaandika moja ya kumi bila kupunguza hata pointi, akabonyeza. Kisha akalia kidogo, akajifuta kwa taulo la vyombo, akafungua dirisha.

"Nimetoa," alimpigia kelele mumewe. "Na usije hapa kunishukuru. Leo sitaki kuguswa."

Diedrich alisimama na shoka lake. Akaweka gogo jingine, na kabla halijapasuka zilianza nyimbo mbili kwa pamoja, mmoja wa Pasaka na mmoja wa mazishi. Neta akafunga dirisha kwa kishindo. Nyuma ya dirisha alikuwa anacheka, ila hakutaka aonekane.

Maji yakimwagika hayazoleki. Pointi zilizobaki hazikutosha watu wawili, na hela ya kujazia haikuwepo, kwa sababu tanuri la kupasha nyumba lilikuwa limekufa mwezi ule ule, na huku mtu haingii msimu wa baridi bila tanuri. Diedrich alimwambia aende peke yake. Neta akamjibu kwamba hawezi kumwacha mtu anayechemsha yai mpaka linabadilika rangi. Wakakaa hivyo wiki kadhaa, wakisema mwaka ujao, na wote wawili wakijua mwaka ujao wana magoti ya namna gani.

Ni Diedrich aliyefikiri. Jumapili moja, Neta akiwa ametoka kuongea na Susch, alisema taratibu, "Za kwenda wawili hazitoshi. Lakini za kuja mmoja zinatosha na kubaki."

"Susch? Unamjua Susch. Atazirudisha hata kwa farasi."

"Nipe hiyo simu."

Neta akaendelea kumenya viazi, masikio yamesimama.

"Shemeji," Diedrich alianza, "tunakuletea tiketi. Ngoja, usinikatie. Si hela. Ni pointi."

Sauti ya Susch ilikuwa kubwa, haikuhitaji kipaza sauti. "Pointi ndiyo nini?"

"Si kitu, shemeji. Umenunua mayai, mwenye duka amekufungia na nyasi ili yasivunjike. Utaziita mali hizo nyasi?"

Kisu cha Neta kikasimama hewani.

"Kwa hiyo hamkuzitolea jasho?" Susch akauliza.

"Hata tone."

"Wala hamkulipa?"

"Ni upepo, shemeji. Upepo mtupu. Usipokuja utapotea bure."

"Kama ni upepo tu," Susch akasema mwishowe, "basi nitakuja. Nije wakati wa theluji. Hapa Januari tunaiva."

Diedrich akaweka simu chini polepole, kwa sababu alihisi macho mgongoni.

"Nyasi za mayai," Neta alisema.

"Neta, nilikuwa naongea na dada yako, ilibidi..."

"Wiki ngapi umenikaushia sahani hapa kwa sababu pointi ni mapato? Leo ni upepo?"

Diedrich akakuna sikio. "Zikiwa kwetu ni mapato. Zikienda kwa Susch ni zawadi."

"Na zawadi haikatwi fungu la kumi?"

"Zawadi ni zawadi."

"Na bata mzinga?" Neta akauliza, akaendelea na viazi.

Susch alitua Winnipeg katikati ya Januari kukaa siku thelathini, amevaa sweta tano, moja juu ya nyingine, na viatu vya wazi. Pale uwanja wa ndege dada wawili walishikana, wakaachiana wakatazamana, wakashikana tena, na hakuna aliyesema neno la maana. Susch alisema, "Umenenepa." Neta akasema, "Umekauka." Diedrich alisimama na makoti mikononi, akipiga mluzi kwa sauti ya chini, machozi yanashuka mashavuni.

Nyumba ikajaa kelele. Susch alikunywa chai yake ya majani ya kwao Paraguay, iitwayo mate, ya baridi na yenye barafu, huku nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Alitoka uani kila asubuhi akaikanyaga theluji kama mtoto, akarudi analaumu vidole. Waligombana supu ya mama yao ilitiwa mdalasini au haikutiwa. Walicheka kitandani mpaka Diedrich akagonga ukuta. Neta hakutaka kugawana na mtu hata saa moja ya dada yake. Isbrand na Tina walipokuja kusalimia, aliwaambia mlangoni kwamba mgeni amelala, na nyuma yake mgeni aliyelala alikuwa anaimba.

Siku moja, wakiwa wanakaanga rollkuchen, maandazi yetu membamba, Susch alisimulia kuhusu jirani yake wa zamani wa Chaco, mwanamke aliyeitwa Marie, aliyemfundisha kutengeneza jibini isiyoharibika kwa joto, mcheshi, aliyezikwa chini ya mlimau wake mwenyewe. "Alikuwa akiniambia ana dada huku," Susch alisema. "Liese. Sijui kama bado yupo."

Neta aligeuza rollkuchen, akageuza tena ile ile, ikaungua. Bibi Liese alikuwepo. Alikuwa kwenye nyumba ya wazee, barabara ile ile ya duka la ushirika, chumba cha dirishani, bila watoto wala mgeni. Neta alijua, na hakusema. Hakusema siku ile, wala kesho yake. Susch alikuwa wake, alimngoja, alimlipia kwa miaka ya kusimama kwenye kaunta, na kila siku aliyobaki nayo alikuwa akiishika kwa meno.

Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, alileta buti akaziweka mbele ya Susch.

"Vaa. Tunakwenda kwa Liese wa Marie. Leo, na Jumatano, na Jumatano ya pili."

Diedrich aliinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake. Akahesabu kwa vidole juu ya kitambaa cha meza, akapata jibu. Safari hii alikuwa yeye aliyeshtuka. "Siku tatu kati ya thelathini? Neta, mtu hakatwi fungu la kumi. Umemngoja muda wote huu."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," Neta akasema. "Washa gari."

Bibi Liese alikuwa mdogo kuliko mto aliouegemea. Susch alipomwambia ametoka wapi na alikuwa jirani ya nani, bibi alimshika mkono, hakuuachia tena. Aliuliza mlimau ulikuwa wa namna gani, ulizaa, Marie alicheka vipi alipozeeka. Susch akamwigiza Marie akicheka, na yule bibi akacheka vile vile, kicheko kimoja kabisa, mpaka mhudumu akachungulia. Neta aliketi karibu na mlango na soksi anazofuma. Waliongea mambo asiyoyajua, ya watu asiowajua, kwa saa nzima na zaidi. Ilimuuma, na alifurahi, vyote viwili kwa pamoja, kama nyimbo za mumewe.

Nje Diedrich alikuwa amewasha gari lisigande, na mluzi ulisikika kupitia vioo vilivyofungwa. Wakapanda wote watatu kiti cha mbele, Susch katikati. Gari likafika kwenye kona ya kanisa.

"Maskini Liese," Susch akasema, akipangusa macho kwa glavu. "Ana maswali mengi bado. Turudi kesho kutwa?"

"Hapana," Neta akasema, akampitishia mkono dada yake begani. "Kesho kutwa ni yangu."